Umeme Ukikatika, Andika: Mwongozo wa Mteja Anayedai Huduma ya Uhakika

Mwezi Mei mwaka 2008 umeme ulikatika Unguja, na haukurudi mpaka Juni. Kisiwa kizima kilitegemea waya mmoja wa chini ya bahari, uliolazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Fumba. Njia hiyo ilipopata hitilafu, ya pili haikuwepo. Pampu za visima zikanyamaza, watu wakarudi kubeba ndoo, mafundi cherehani na wauza barafu wakafunga kazi. Giza likaja tena Desemba 2009, safari hii likakaa miezi mitatu, hadi Machi 2010.

Baadaye mchumi Alfredo Burlando alichunguza kumbukumbu za uzazi za kipindi kile cha 2008. Aliona kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati wa giza walizaliwa na uzito mdogo kuliko wengine, na akalihusisha jambo hilo na kushuka kwa kipato cha familia zinazoishi kwa kazi zinazohitaji umeme. Umeme usio wa uhakika, basi, humfikia hata ambaye hajazaliwa.

Wakati ule Zanzibar haikuwa bado na mamlaka ya kudhibiti huduma hiyo. ZURA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2013, mwaka ule ule waya mpya wa megawati 100 ulipoanza kufanya kazi. Waya wa pili uliwapa watu umeme. Mdhibiti aliwapa mlango wa kugonga. Mwongozo huu unahusu mlango huo: jinsi huduma ya umeme inavyopimwa, nani anaisimamia, na mteja wa kawaida, mwenye friji ya samaki, saluni, mashine ya kusaga, zahanati au vyumba viwili vya kupanga, aende na nini mkononi. Jambo kubwa la kulishika ni moja. Mdhibiti hufanya kazi kwa kumbukumbu, na katizo ambalo halikuandikwa popote, kwake ni kama halikutokea.

Mlango ni wa nani

Tanzania Bara msambazaji ni TANESCO na msimamizi wake ni EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ndiyo iliyoipa meno katika sekta hii: leseni, bei na ubora wa huduma. Pembeni yake kuna baraza la ushauri la watumiaji, EWURA CCC, lililowekwa mahsusi kumsemea mteja, na watu wengi wanaolalamika mitandaoni kila usiku hawajui hata kwamba lipo. Zanzibar msambazaji ni ZECO, msimamizi ni ZURA. Kenya ni Kenya Power na EPRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya ERC kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Uganda mdhibiti ni ERA, kwa sheria ya mwaka 1999. Huko kampuni ya Umeme Limited ilisambaza umeme kwa mkataba wa miaka 20 hadi Machi 31, 2025, na kesho yake UEDCL ya serikali ikashika usukani. Mwenye laini alibadilika, mdhibiti akabaki yule yule.

Mdhibiti hapandi nguzo wala habadilishi fyuzi. Anayempigia simu saa 4 usiku ili transfoma iwashwe anapoteza muda wake. Kazi ya mdhibiti ni kuweka viwango, kupokea takwimu, kukagua, kusuluhisha mgogoro kati ya mteja na kampuni, kutoza faini, na kuamua bei. Neno hili la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote, na mwongozo utalirudia.

Giza hupimwaje

Wadhibiti wengi duniani hutumia vipimo vitatu. Majina yake ni vifupisho vya Kiingereza, SAIFI, SAIDI na CAIDI, na mteja akivijua hatababaishwa kikaoni. Cha kwanza huhesabu mteja wa wastani alikatiwa mara ngapi kwa mwaka. Cha pili huhesabu alikaa gizani kwa muda gani wote pamoja. Cha tatu huonyesha katizo moja, kwa wastani, lilichukua muda gani mpaka umeme ukarudi.

Tuseme kuna laini, ambayo mafundi huiita fida, yenye wateja 1,000. Jumatatu nguzo imeanguka na wateja 500 wamekosa umeme saa 4. Alhamisi laini nzima imezimwa saa 1. Idadi ya waliokatiwa ni 500 na 1,000, jumla 1,500. Gawanya kwa wateja wote: SAIFI ni 1.5. Saa za giza ni 500 mara 4, ukijumlisha 1,000 mara 1, yaani 3,000. Gawanya kwa 1,000: SAIDI ni saa 3. Saa 3 ukizigawa kwa 1.5, CAIDI ni saa 2.

Sasa itazamwe tena hesabu hiyo. Hakuna mteja hata mmoja aliyekaa gizani saa 3. Nusu yao walikaa saa 5, nusu nyingine saa 1. Wastani umewachanganya wote ukatoa namba isiyomhusu mtu yeyote. Hivyo ndivyo ripoti ya taifa inavyoweza kupendeza huku mtaa mmoja wa Mbagala au kijiji kimoja cha Kilwa kikiishi kwa mishumaa. Mteja anayesoma ripoti ya mdhibiti aulize swali moja kabla ya mengine yote: namba hizi zimegawanywa kwa wilaya na kwa laini, au ni wastani wa nchi?

Aulize pia kilichoachwa nje ya hesabu. Kanuni inayotumika sana Marekani haihesabu katizo la dakika zisizozidi 5, na Ulaya mpaka ni dakika 3. Siku za dhoruba kubwa mara nyingi huwekwa kando ili zisivuruge wastani. Kila utaratibu una sababu zake, lakini mwenye mashine ya kuranda mbao ambayo umeme wake hukatika dakika 2 mara 6 kwa siku hana faraja yoyote katika ripoti isiyomwona.

Ujerumani, mwaka 2022, mteja wa wastani alikaa bila umeme dakika 12.2 kwa mwaka mzima. Sehemu kubwa ya nyaya za mitaani huko zimefukiwa ardhini, ambako matawi, magari na upepo havizifikii. Afrika Mashariki nyaya ziko juu ya nguzo, na za vijijini zina urefu wa kilomita nyingi kwa wateja wachache. Kuilinganisha Singida na Berlin hakumsaidii mtu. Ulinganisho wenye faida ni wa laini ile ile mwaka huu na mwaka jana.

Na takwimu hizo hutoka wapi? Hutoka kwa kampuni yenyewe. Katika kituo kikubwa cha kupoza umeme mitambo hujiandikia, lakini chini kwenye transfoma ya mtaa, mahali pengi, ofisi hujua kuna giza pale tu mtu anapopiga simu. Jijini Accra, kuanzia mwaka 2018, watafiti waliotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichomeka vifaa vidogo vya PowerWatch kwenye soketi za nyumba na maduka ili kila katizo lijiandike lenyewe bila kumsubiri mpiga simu. India, taasisi ya Prayas ya Pune ilifanya kazi ya namna hiyo, vifaa vikirekodi dakika kwa dakika nguvu ya umeme inayofika sokoni na majumbani. Wananchi walipata namba zao wenyewe za kuweka mezani.

Daftari la senti chache

Anayeishi mbali na miradi ya watafiti ana daftari la shule na simu yake. Vinatosha.

Ukurasa wa kwanza uandikwe namba ya mita, kwa wenye mita ya LUKU ya kulipia kabla zile tarakimu 11, jina la mtaa, na namba iliyopakwa kwenye nguzo iliyo karibu au kwenye transfoma. Namba hiyo ya nguzo humwokolea fundi wa dharura nusu saa ya kuzunguka akiuliza "kwa mama nani". Kisha kila katizo lipewe mstari wake: tarehe, saa lilipoanza, saa umeme uliporudi, nani mwingine alikosa, na kampuni ilisema nini.

Saa iandikwe kwa uangalifu. "Saa 3" peke yake haina maana ofisini, maana mfumo wa kampuni husoma saa 24. Saa 3 usiku iandikwe hivyo, au 21:00. Malalamiko mazuri yamewahi kukwama kwa sababu muda wa mteja na muda wa kampuni vilipishana saa 12, na kila upande ukaamini mwenzake anasema uongo.

Kabla ya kupiga simu, mteja atoke nje atazame. Jirani wana taa? Kama wanazo, huenda tatizo ni swichi kuu ya nyumbani au uniti zimekwisha. Upande mmoja wa barabara una umeme na mwingine hauna? Pengine fezi moja imekufa. Taa zinawaka kwa wekundu hafifu na friji inaunguruma bila kuanza? Huo ni umeme mdogo, na ni kosa la huduma sawa na giza lenyewe. Tanzania umeme wa nyumbani unapaswa kuwa wa volti 230. Kipima volti cha kuchomeka ukutani ni kifaa kidogo, na picha ya kioo chake, yenye tarehe, ina uzito kuliko maneno "umeme wetu ni dhaifu". Mtaa ukikaa na umeme mdogo kila jioni, mara nyingi transfoma imezidiwa: ilifungwa nyumba zikiwa 60, sasa ziko 200, na vishoka, mafundi wasio na kibali, wameongeza nyingine ambazo ofisi haizijui.

Katizo la matengenezo hutangazwa. TANESCO hutoa taarifa ya katizo la umeme ikitaja maeneo, sababu na muda, na Kenya Power huchapisha ratiba yake magazetini na mitandaoni. Tangazo hilo likatwe au lipigwe picha, libandikwe daftarini. Likisema saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni na umeme ukarudi saa 4 usiku, tofauti ya saa 5 imeandikwa na kampuni yenyewe kwa mkono wake.

Halafu ipigwe simu ya dharura, kila mara, hata kama majirani kumi wamekwisha kupiga. Mazungumzo hayafungwi mpaka namba ya taarifa itolewe. Namba hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha katizo: bila yake tukio ni hadithi, ikiwepo kuna faili lenye muda wa kufunguliwa na muda wa kufungwa. Watu wengi huona aibu kuiomba, au hukata simu mara tu wakiambiwa "mafundi wako njiani". Iombwe kwa upole, iandikwe.

Kuhusu vyombo, umeme ukikatika friji, pasi na runinga zizimwe ukutani, na zisiwashwe mara umeme unaporudi. Zipewe dakika kadhaa hadi umeme utulie. Kikiungua kitu, kisitupwe wala kisipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo bila kumbukumbu. Kipigwe picha kikiwa mahali pake, fundi mwenye leseni aandike kilichoungua na sababu yake, risiti ya ununuzi itafutwe, majirani walioathirika siku hiyo waorodheshwe. Friji moja iliyokufa ni bahati mbaya ya nyumba moja. Friji tisa za mtaa mmoja, saa moja, ni ushahidi juu ya laini.

Zahanati iongeze safu moja katika daftari: joto la friji ya chanjo. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na mfamasia anayeonyesha kwamba joto lilipanda hadi 14 kwa sababu ya katizo la namba fulani ya taarifa atasikilizwa kwa namna nyingine kabisa. Jenereta nayo ijaribiwe kila wiki. Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipozimika, abiria wa Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta walijikuta gizani kwa sababu jenereta ya akiba iliyohudumia baadhi ya majengo haikuwaka. Waziri wa Uchukuzi Kipchumba Murkomen aliomba radhi hadharani, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa. Kama uwanja mkubwa kuliko vyote Kenya uliweza kusahau jenereta, zahanati ya kijiji isijiamini.

Ngazi hupandwa moja moja

Malalamiko huanza kwa kampuni, kwa maandishi. Barua ipelekwe ofisi ya wilaya au ya mkoa, nakala yake igongwe muhuri wa mapokezi. Katika barua zisiwepo hasira za kurasa tatu. Tarehe tano, namba tano za taarifa, hasara iliyopatikana, na jambo moja linaloombwa: transfoma ibadilishwe, laini ikatiwe matawi, hasara ilipwe. Anayeomba kila kitu hujibiwa kwa jumla jumla.

Jibu lisipokuja katika muda ambao mkataba wa huduma kwa mteja wa kampuni umeuahidi, au likija la kukwepa, lalamiko linahamia kwa mdhibiti. EWURA ina ofisi za kanda, miongoni mwake Mwanza, Arusha na Mbeya, hivyo safari ya Dodoma si lazima. Itauliza kwanza kama kampuni ilipewa nafasi, na hapo ndipo nakala yenye muhuri inapolipa gharama yake. Hufuata usuluhishi, na ukishindikana, shauri husikilizwa na kuamuliwa. Asiyeridhika, awe mteja au kampuni, anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Kenya rufaa ya uamuzi wa EPRA huenda kwa baraza la rufaa la nishati na petroli. Mteja anayeona njia hii ni ndefu kwa ajili ya friji aende EWURA CCC kwanza, apate ushauri bila malipo.

Wapangaji na wenye maduka waende kwa pamoja. Lalamiko la mtu mmoja linaweza kujibiwa kwa kurekebisha waya wa nyumba yake. La watu arobaini wa transfoma moja, wakiongozwa na mwenyekiti wa mtaa, hulazimisha swali la transfoma.

Jambo ambalo wengi hawaligusi ni taftishi. Kampuni ikitaka kupandisha bei, EWURA hutangaza mkutano wa hadhara wa kukusanya maoni kabla ya kuamua. Kila anayehudhuria huja kusema "bei ni kubwa, maisha magumu". Ni kweli, lakini kauli hiyo haimpi mdhibiti kitu cha kuandika katika uamuzi. Mteja anayesimama na kusema kwamba laini yake ilikatika mara 31 katika miezi sita, namba za taarifa hizi hapa, na anaomba nyongeza yoyote ifungwe na sharti la kupunguza makatizo ya laini hiyo kwa kiwango kinachopimika, amempa mdhibiti sentensi kamili ya kutumia. Bei ndiyo kamba pekee ambayo kampuni huihisi shingoni kila siku.

Kamba hiyo inahitaji mkono huru. Mwisho wa Desemba 2016 EWURA iliidhinisha nyongeza ya asilimia 8.5 ya bei ya umeme. Siku ya mwaka mpya wa 2017 nyongeza ilikuwa imesitishwa na serikali, na Rais John Magufuli akamwondoa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba. Wateja walifurahi, na furaha yao inaeleweka. Hata hivyo mdhibiti ambaye uamuzi wake hufutwa usiku mmoja hawezi pia kuibana kampuni kwa masharti ya ubora, kwa kuwa kampuni nayo imejifunza kwamba neno la mwisho linasemwa kwingine.

Faini, fidia na matawi ya miti

Wako wanaosema udhibiti ni makaratasi tu. Wajibiwe kwa habari ya Agosti 14, 2003. Siku hiyo ya joto, nyaya tatu za kilovolti 345 katika jimbo la Ohio, Marekani, zililegea na kugusa miti iliyoachwa ikakua chini yake, moja baada ya nyingine. Mfumo wa kengele katika chumba cha kuongozea gridi cha kampuni ya FirstEnergy ulikuwa umekufa bila wahusika kujua. Kufika jioni watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikuwa gizani. Viwango vya kukata miti na vya kusimamia gridi vilikuwepo siku zote, ila vilikuwa vya hiari. Sheria ya mwaka 2005 ikavifanya lazima, vikaanza kusimamiwa Juni 18, 2007, kwa faini inayoweza kufika dola milioni 1 kwa siku kwa kila kosa. Februari 26, 2008, mhandisi mmoja wa Florida alipozima vifaa vya kinga akitafuta hitilafu katika kituo cha Miami, sehemu kubwa ya jimbo ikazimika, na kampuni ya Florida Power & Light ikakubali kulipa dola milioni 25. Tangu hapo hakuna meneja wa gridi Marekani anayeichukulia miti kuwa kazi ya mtunza bustani.

Hapa kwetu mwananchi naye ana sehemu yake. Mwembe wa uani ulioshika waya, ambao mwenyewe amegoma usikatwe matawi, huzima mtaa mzima upepo wa masika unapovuma. Kudai huduma ya uhakika huku mkuza wa umeme umepandwa migomba na kujengwa vibanda ni kujipinga.

Faini huenda serikalini, na aliyeharibikiwa samaki hapati kitu. Uingereza ilitatua hilo kwa viwango vya uhakika vilivyowekwa bei: katizo likipita saa zilizotajwa, kampuni inamlipa mteja kiasi kinachojulikana, bila mteja kuthibitisha hasara. Dhoruba Arwen ya Novemba 2021 iliacha zaidi ya nyumba milioni 1 bila umeme, karibu 4,000 kati yake kwa zaidi ya wiki. Wateja walilipwa takriban pauni milioni 30, kampuni zikaongeza pauni milioni 10.3 kwa ajili ya jamii zilizoathirika, na mdhibiti Ofgem akaondoa, kwa dhoruba hiyo, ukomo wa pauni 700 kwa malipo ya mteja mmoja. Nigeria ilichukua njia nyingine Aprili 2024: wateja wa daraja A walipandishiwa bei kwa ahadi ya umeme wa saa 20 kwa siku, na kampuni ya Abuja ikatozwa faini ya naira milioni 200 kwa kuwatoza bei hiyo watu wasiokuwa katika daraja hilo. Kenya, Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 imetambua haki ya mteja kufidiwa kwa madhara ya makatizo na umeme usio na ubora. Haki hiyo bado inahitaji utaratibu mwepesi ambao muuza nyama wa Gikomba anaweza kuutumia bila wakili.

Ukipimwa kwa haya yote, mfano wa Uingereza ndio unaofaa kuigwa Dodoma na Nairobi, kwa kiasi kidogo kidogo. Hata uniti tano za LUKU zinazoingia zenyewe kwenye mita baada ya katizo la saa 24 zingebadilisha jinsi meneja wa wilaya anavyopanga mafundi wake, kwa sababu giza lingekuwa na gharama katika vitabu vyake.

Isidhaniwe kwamba mabwawa makubwa yatamaliza kazi hii. Mgao wa mwaka 2006 na wa 2011 ulitokana na uhaba wa uzalishaji, na kwa uhaba huo Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 kwenye Mto Rufiji ni jibu la kweli: mashine yake ya kwanza iliwashwa Februari 2024. Lakini Aprili 1 ya mwaka huo huo, Jumatatu ya Pasaka, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya Tanzania ikazimika. Kenya, Juni 7, 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru kwenye Mto Tana akaangukia transfoma. Megawati zaidi ya 180 zikapotea, nchi ikawa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alipona. Wingi wa umeme na uhakika wa umeme ni vitu viwili, na cha pili hutegemea uzio, fyuzi, panga la kukatia matawi, fundi mwenye gari lenye mafuta, na msimamizi anayehesabu.

Mwaka ujao bei zitajadiliwa tena mahali fulani Afrika Mashariki, na meza ya mdhibiti itakuwa na takwimu za kampuni juu yake. Usiku wa leo umeme ukikatika, msomaji, washa tochi ya simu, tazama saa, andika mstari wa kwanza, kisha piga simu uombe namba ya taarifa.